Siku Mama Alipoimba Bustanini

Wiki mbili kabla ya tamasha, Mama alinipigia simu kunieleza kwamba kikundi chao cha wanawake wa mtaa wa Walukuba kimealikwa kuimba katika bustani ya miti, pale Jinja kando ya mto. "Na ile yangu iko ndani," akasema. Ile yake ni wimbo alioutunga mwenyewe wakati Baba alipofariki. Nilimjibu kwamba nitajaribu kuja. Sikumwambia kwamba tikiti ninayo tayari, wala kwamba nakuja na watu wa ofisini.

Mama ni Mnubi, mjukuu wa askari waliotoka Sudan. Baba alikuwa Msoga wa kijiji cha Wanyange, muuza samaki. Yeye hakujua Kinubi na Mama hakujua Kisoga, basi wakaoana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na sisi wakatulea kwa hicho hicho. Nilipopata kazi katika chuo kimoja Mbale na kupanga nyumba Nkoma, nilikiacha nyuma. Kule nilisema Kiingereza na Kiganda. Watu wengi wakisikia Kiswahili hukumbuka askari na bunduki zao, nami sikutaka kukumbukwa hivyo.

Tulikwenda kwa gari la mkuu wangu wa idara, mama wa makamo aliyenipendekeza nipandishwe cheo. Jua lilikuwa la kiangazi, nyasi zimekauka, watu wametandika mikeka chini ya miti yenye vibao vya bati vya majina. Kikundi cha Mama kiliwekwa mwanzo kabisa, saa ambayo wageni bado wanatafuta kivuli. Wanawake saba na ngoma zao. Mama akasogea mbele, akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Kiatu chako kiko mlangoni," aliimba, "mwenyewe uko wapi?"

Hakufika ubeti wa pili. Mshereheshaji aliruka jukwaani, akapiga saluti, akafoka kwa sauti nzito: "Afande! Panda gari!" Ndiyo maneno waliyosema askari zamani walipokamata watu mitaani. Bustani nzima ikaangua kicheko. Vijana waliokuwa mbele yetu walinyanyua mikono juu, wakajifanya wanaomba radhi. Mama hakuelewa kwamba wanamcheka. Alidhani wamefurahi, akatabasamu, akawapungia mkono. Kisha fundi akazima maikrofoni yake ili wapiga gitaa wajaribu vyombo. Aliumaliza ubeti wake hivyo hivyo, mdomo ukicheza bila sauti kutufikia, akashuka.

Nilicheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini masikio yangu yalikisikia.

Mkuu wangu hakucheka. "Mimi lugha hiyo hainichekeshi," alisema kwa Kiganda. "Waliomchukua baba yangu, ndiyo waliyoisema mlangoni kwetu. Hakurudi."

Wakati huo huo nilimwona Mama anapita kati ya mikeka, anakuja upande wetu, kopo la sambusa mkononi. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Kumbe umekuja!" akasema. "Umenisikia?"

Mkuu wangu alimtazama, akanigeukia. "Unamfahamu?"

Nilikuwa na nafasi ya kupumua mara moja. "Jirani yetu wa zamani," nikajibu kwa Kiganda. "Wa kule Walukuba."

Kiganda cha Mama ni cha sokoni, lakini kwa hayo kilitosha. Alinitazama, si kwa muda mrefu. Halafu akaweka kopo juu ya mkeka na kumwambia mkuu wangu, kwa Kiganda chake cha kujikwaakwaa, "Ndiyo, jirani. Huyu nimemjua tangu mdogo." Mkuu wangu alimsalimu kwa heshima, akala sambusa moja, akaisifu. Mama akashukuru na kurudi kwa wenzake. Bendi kubwa ilipoanza, watu walisimama kucheza, nami nikasimama nao.

Nilipompigia Mama simu siku iliyofuata, alipokea kwa Kiganda. Nikaendelea kwa Kiswahili, akaendelea kwa Kiganda. Nilidhani ni hasira ya siku chache.

Miezi kadhaa baadaye nilimweleza mkuu wangu ukweli. Aliondoa miwani. "Ungeniambia palepale," akasema. "Ningesimama nimpe mkono. Yule mama alinikosea nini? Wewe ndiye uliyeniogopa bure." Cheo nilikipata. Tangu hapo hajaniomba tena nifuatane naye popote.

Sikukuu ya Idd nilikwenda Walukuba. Nilipiga magoti mbele ya Mama jikoni, nikasema, "Mama, nisamehe. Niliona haya."

Alinijibu kwa Kiganda, kwa upole, kwamba hana ugomvi na mtu, na kwamba mgeni hapigi magoti jikoni, aende akae kwenye kiti. Akaniletea chai sebuleni kwenye sinia, pamoja na kikombe kizuri kisichotumiwa na watu wa nyumbani. Dada yangu aliingia kumsaidia, nikawasikia wanazungumza nyuma ya pazia, Kiswahili chetu kile cha haraka, wakicheka jambo fulani la jirani na kuku wake. Nilijua kile kicheko. Niliinuka, nikasogeza pazia ili nami nicheke nao. Mama akanyamaza, akafuta mikono, akaniuliza kwa Kiganda kama nahitaji sukari.