Barua Mbili za Mkono Mmoja

Kijiji kizima cha Maparoni hakikuwa na mtu wa kuandika barua kama Sadala bin Kondo, na hilo ndilo lililomponza. Ukiwa na ndugu yako Mafia hujasikia habari zake tangu mwaka jana, ulikwenda kwa Sadala. Ukitaka kuposa mbali, ulikwenda kwa Sadala. Alikaa kitako juu ya jamvi, akakuuliza maneno mawili matatu, kisha kalamu ikaanza kutembea, nawe ukabaki ukijiuliza umeyapata wapi maneno mazuri namna ile. Na alichokisikia kwako hakikuvuka kizingiti chake. Watu walimpelekea mambo ya aibu wakarudi makwao wakalala usingizi.

Miaka hiyo, kabla kidogo ya vita vya Hitla, kalamu ndiyo kazi pekee iliyombakia, na kalamu ya kijijini haijazi chungu. Ukimwandikia mtu barua anakupa shukrani nyingi na samaki mdogo. Mwaka uliotangulia Sadala alikuwa akikata boriti kwenye mikoko, mti ukamwangukia begani, na tangu siku ile mkono wake wa kushoto haukupanda tena juu ya kifua. Shoka halishikwi kwa mkono mmoja, wala wavu. Mpunga nao uliharibiwa na bamvua, maji ya chumvi yakavunja tuta na kulala shambani siku tatu. Shamba lote likageuka manjano.

Mkwewe, Mzee Khamisi wa Mahege, alikuja kuwatazama. Hakuwa mtu mbaya, msije mkamchukia. Alichungulia ghalani akaona vumbi, akamwangalia mjukuu wake Zena mbavu zinahesabika, akakaa. Akamwambia Sadala kwamba mwezi wa Rajabu ukiisha hajapata kazi ya kueleweka, yeye atamchukua binti yake Mwantumu pamoja na mtoto, na kwa kadhi watakwenda kudai talaka. Sadala alimpenda Mwantumu kupita kiasi. Alimwitikia mkwewe kwa adabu, akatoka nje, akatapika.

Wiki hiyohiyo jumbe akawasomea watu tangazo. Serikali inafungua shule mpya kando ya barabara, karibu na Kibiti, na anatakiwa mwalimu mmoja. Kila aliyesoma shule ya serikali na aandike barua kwa mkono wake mwenyewe, aeleze anajua nini, aipeleke ofisini. Nyumba ipo, mshahara upo kila mwezi. Sadala alikuwa amefika darasa la sita, na katika hesabu hakuna aliyempita. Mwantumu aliposikia alicheka, kicheko cha kwanza tangu bamvua.

“Hii kazi yako, Baba Zena,” alimwambia. “Kukutaja jina tu ndiyo bado.”

Kabla Sadala hajaikunjua karatasi yake, hodi ikapigwa. Ni jirani yao Bi Mwanajuma, mjane, na mwanawe Seleman nyuma yake. Wanataka barua. Ya kazi ileile.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Seleman aliishia darasa la nne, na kugawanya kulimtoa jasho. Tena tangazo lilisema kila mtu aandike mwenyewe. Lakini miezi yote ile ya njaa, Bi Mwanajuma ndiye aliyekuwa akimletea Mwantumu kibaba cha mchele chini ya kanga, bila kumwambia mtu. Sadala hakuwahi kumrudisha mtu aliyetaka barua, sembuse yule mama. Akaona pia kuwa haitamdhuru kitu, kwa sababu wakubwa watajua wenyewe nani msomi. Akawakaribisha jamvini.

Hapa lazima nieleze jambo moja, ama sivyo mtamwona Sadala mpumbavu tu. Kwetu pwani mwenye kuandika barua hujishusha. Hata mwanachuoni aliyemaliza vitabu vyote hujiita mja dhaifu asiyejua kitu. Anayeipokea barua anafahamu, na kadiri mwandishi anavyojishusha ndivyo anavyoonekana kalelewa na watu. Kujitaja kwa uhodari ni utovu wa haya, na tena ni kujitafutia husuda. Lakini kumtaja mwenzako kwa uhodari ni wema.

Basi alipomwandikia Seleman, ingawa barua ilisema “mimi Seleman,” haya ya kujisifu haikuwa yake, na kalamu ikakimbia. Mimi Seleman najua kusoma na kuandika na hesabu zote. Mimi Seleman nina subira na watoto, na mtoto mzito wa kufahamu humfundisha kwa kokwa za embe mpaka akafahamu. Hayo ya kokwa yalikuwa yake Sadala, ndivyo alivyowafundisha wengi kijijini. Bi Mwanajuma alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa, akasema aongeze kidogo. Sadala akaongeza.

Walipoondoka akaandika yake. Salamu zilichukua nusu ya ukurasa. Kisha akaandika kwamba yeye ni mja mnyonge, elimu yake ni haba na akili yake fupi, hastahili hata kufagia uwanja wa shule hiyo, ila anatumaini huruma ya mkubwa wake. Aliisoma mara mbili akaridhika sana. Kwa uandishi, ilikuwa barua bora aliyopata kuiandika maishani mwake.

Rajabu ikabakia siku chache kuisha, jibu likaja, likaja kwa Seleman. Aitwa Kibiti Jumatatu aonane na Bwana Shauri, Mzungu wa wilaya. Bi Mwanajuma alipiga vigelegele, halafu akaikumbuka nyumba ya Sadala akakatisha.

Mwantumu hakulia. Alimtaka mumewe amsomee kwa kinywa chake barua aliyoipeleka. Sadala alikuwa na nakala, akamsomea. Alipofika pale pa kufagia uwanja, Mwantumu akamzuia kwa mkono.

“Uliwaambia hujui kitu?”

“Ndivyo barua zinavyoandikwa, mke wangu.”

“Mzungu anajua kwamba ndivyo zinavyoandikwa?”

Sadala aliikunja ile nakala. Jambo hilo halikuwa limempitia akilini hata mara moja. Alfajiri alipanda mtumbwi mpaka ng'ambo, Nyamisati, akashika njia kwa miguu kwenda kujieleza ofisini, siku moja na nusu, ule mkono mbovu kaufunga kwa kitambaa usimuume. Njia nzima aliomba Mungu kwa sauti, na waliokutana naye walimpisha.

Jumatatu asubuhi alifika ofisini. Seleman alikuwa amekaa kwenye benchi katika kanzu ya kuazima. Alisimama kumwamkia, akamwita kaka, akamshika mkono kwa furaha ya kweli, maana alidhani Sadala kaja kumtia moyo.

Karani, Bashiru, mtu wa meno meupe na macho mepesi, alimsikiliza Sadala akisema kwamba naye aliandika, akamkubalia aingie pamoja na Seleman. Ndani, Bwana Shauri hakuinua kichwa. Bashiru ndiye aliyetafuta barua ya Sadala katika zile zilizokataliwa, akaiweka mezani karibu na ya Seleman, akaduwaa. Akazisogeza pamoja. Herufi ya k ni ileile, mkia wa y ni uleule. Akasema jambo kwa Kiingereza, na sasa Bwana Shauri akainua kichwa.

“Mkono huu ni mmoja,” Bashiru alisema. “Nani kaandika?”

Seleman alimtazama Sadala. Macho yake yalikuwa yakiomba. Sadala alikifikiria kibaba cha mchele. Aliwafikiria watu wote waliokaa juu ya jamvi lake wakamwamini. Kisha akamfikiria Mwantumu anapanda mtumbwi na kifurushi, na Zena anageuza shingo kutazama nyuma, na hakuweza kuificha siri.

“Mimi,” alisema. “Zote mbili ni zangu. Huyu hajui kugawanya.”

Seleman aliinamisha uso, na chozi likamdondoka kwenye kanzu ya watu. Sadala aliona, na hakupata kusahau.

Bwana Shauri aliuliza swali, Bashiru akalifasiri polepole. Katika barua hii wewe wasema mtu huyu anajua kila kitu, nawe unakiri ni uongo. Katika hii wasema wewe mwenyewe hujui kitu. Je, hii nayo ni uongo, au ni kweli?

“Ni adabu,” Sadala alisema.

Bashiru alilielewa neno lile mpaka moyoni, mtu wa pwani kama yeye. Alijaribu kulifasiri, akaanza mara mbili, akaacha. Sadala aliomba apewe hesabu yoyote aifanye palepale, aliomba apewe ubao, alipiga magoti. Jibu la Bwana Shauri lilikuwa fupi. Mtu anayeandika uongo kwa majina ya wengine hawezi kukabidhiwa watoto. Seleman naye, kwa kutuma barua isiyo ya mkono wake, asirudi. Kazi ilichukuliwa na kijana wa bara aliyekuwa wa tatu katika orodha.

Walirudi njia moja, Seleman mbele, Sadala nyuma, mpaka Maparoni.

Rajabu ilikuwa imeisha, na Mzee Khamisi alikuwa amekwisha fika. Alikuwa kibarazani, na vitu vya Mwantumu vimefungwa ndani ya jamvi. Sadala alipoona lile jamvi, kitu kikamfunguka kifuani, akasema mbele ya mkwewe, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

“Baba, mimi ni mwalimu. Hakuna mwalimu kama mimi kutoka hapa mpaka Kibiti. Mwanao huyu Mwantumu alikuja kwangu hajui herufi, leo anasoma. Watu kumi na saba kijijini humu nimewafundisha mimi, na hesabu mimi naijua kuliko karani wao. Nipe mtoto yeyote, baba, yeyote, nitamfundisha mpaka afahamu.”

Mzee Khamisi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na huzuni, maana alimwamini.

“Mbona hukuwaambia wao hivyo, mwanangu?” aliuliza.

Mwantumu alimbeba Zena mgongoni, akamshika mumewe bega lile bovu kwa kitambo, kisha akamfuata baba yake mtumbwini.