Kandambili ya Kushoto

Walimwita Nusu Neno kwa sababu maneno yake yalikuwa ya watu wawili. Yeye alianza, mkewe akamalizia. Mke alipofariki, miezi minne sasa, maneno yakabaki yananing'inia kama suruali isiyo na mkanda.

"Nipe chumvi na..."

Na nini? Hakuna ajuaye.

Kisha ushirika ukatangaza: Alhamisi trekta inakuja, ilime mlima wote kwa mistari iliyonyooka. Matuta ya marehemu, aliyoyachimba kwa jembe miaka thelathini kuzuia maji, yasawazishwe. Yamepinda, walisema. Yanatia aibu.

Bibi shamba peke yake ndiye aliyesita. Aligawa kamera ndogo. "Kila mkulima apige picha ya kinachotunza udongo wake. Jumatano mje ghalani mnieleze, ndipo tuamue."

Kupiga, sawa. Kueleza ndiyo balaa.

Jumatano picha zikabandikwa ukutani, juu ya magunia. Jirani alijipiga mwenyewe, kifua mbele, bomba la dawa mgongoni. Za Nusu Neno zilikuwa nne.

"Huyu anauza viatu!" jirani akapasua kicheko. "Tena upande mmoja!"

Nusu Neno akatazama kushoto, alikozoea kukaa mkewe. Palikuwa na gunia la mbolea.

"Kandambili ya mama watoto. Mvua ilinyesha, nikaiweka juu ya maji. Kwetu, tutani. Ilikaa."

"Na hii ya pili?" akauliza bibi shamba. "Naona maji mekundu tu."

"Kwa jirani. Iliondoka."

"Ya tatu ni goti na kidole gumba."

"Nilikuwa naifukuza."

Ya nne, kandambili imejaa tope, imeegemea mlango wa choo cha jirani, chini kabisa mlimani.

"Ilibanwa!" mtu akapiga kelele. Ghala zima likaangua kicheko. Jirani naye alicheka, ila cha kuchechemea. Tope lile lilikuwa shamba lake.

Bibi shamba hakucheka. "Lakini baba, matuta yamepinda."

"Mlima ndio umepinda. Yeye aliufuata."

"Alipimaje?"

"Kwa hiyo hiyo. Tuta hadi tuta, kandambili hamsini. Penye mteremko mkali, thelathini. Hakuwa na kamba, hakuwa na..."

Wakangoja. Walishazoea.

"...haraka," akamaliza mwenyewe. Akashtuka, kama mtu aliyekohoa akatema jino.

Alhamisi dereva wa trekta akachungulia. "Mzee, nimeambiwa yako nisiyaguse. Kwa jirani tuchore mapya. Umbali gani?"

"Hamsini."

"Mita?"

Nusu Neno akaitoa kandambili kwapani, akaipangusa, akamkabidhi jirani aliyesimama kando.

"Yaani mimi nitambae na kiatu cha mkeo?"

"Taratibu. Ukimaliza uirudishe kwa..."

"Kwa mwenyewe. Najua, najua." Jirani akainama. "Moja. Mbili."

Kamera ilikuwa bado haijarudishwa. Nusu Neno akapiga ya tano: mlima, kandambili, na makalio ya jirani yakitunza udongo.