Mbwa Niliyepanda Naye Farasi

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Pale kazini, saa ya chai, hatukuwa na hadithi nyingine ila bustani ya michezo ya Wabelgiji, na aliyesikilizwa kila siku ni Anzuruni. Eti alipanda farasi wa mbao wanaozunguka, amempakata mbwa wa bosi wake mzungu, mbwa mkubwa kama ndama. Wenzetu walicheka hadi machozi. Mimi wivu ulinikaba, maana bustani ile niliiona nikiwa nje ya uzio tu.

Uhuru ulipofika, wazungu walikimbia wakaacha mbwa barabarani. Nikaokota mmoja mkubwa, nikamlisha samaki wa mtoni kutoka Yanonge mpaka akanizoea, kisha nikaenda naye kazini, kamba nimeifunga mkononi.

Nikawaambia wenzangu, “Huyu ndiye niliyepanda naye farasi. Ananijua mimi tu.”

Hapo Anzuruni akaingia na birika la chai. Mbwa akaruka, akaniburuta kifudifudi kati ya viti, akampandia mabegani na kumlamba uso mzima.

Anzuruni akanitazama pale chini.

“Bon, haya ndugu yangu, endelea. Na mimi siku ile nilikuwa nimekaa wapi?”