Mtarakwa wa Kaburini Jomvu

Jael hakujaliwa kukaa. Hata kanisani, mahubiri yakirefuka kidogo, utamwona anapanga vitabu vya nyimbo ambavyo hakuna aliyemtuma avipange. Mumewe Chrispine, mpakiaji mizigo bandarini, alizoea kumwambia, "Mama Ronny, keti basi, kiti kinakusubiri." Kisha Chrispine akafariki, na wa kumwambia hivyo akawa hayupo tena.

Alizikwa Jomvu Kuu, kwenye kiwanja chao wenyewe, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Huko kwao Chrispine, bara, hawakulimeza jambo hilo. Mtu huzikwa kwao, kando ya baba yake, na hilo halina mjadala. Mama mkwe, Emmaculate, alilia kwenye simu kwamba mwanawe ametupwa ugenini, kwenye mchanga usioota kitu. Jael, kwa uchungu na kwa mdomo wake usiotulia, akajibu kuwa atapanda mmea wa huko huko kwao kwenye baridi, na kaburi litakuwa kijani mwaka mzima.

"Nitakuja kwenye kumbukumbu yake ya mwaka," mama mkwe akasema. "Nikikuta pamekauka, namfukua mwanangu nimpeleke nyumbani."

Shemeji yake Bramwel, aliyebaki huko bara, akatuma kwa basi miche mitatu ya mtarakwa mfupi, ule unaotambaa chini kama mkeka na kuchoma vidole ukiushika. Maagizo yake yalikuwa machache: jua la kutosha, udongo usiotuamisha maji, samadi kidogo sana au hata usiitie. "Ukishashika mizizi, sahau kama upo," akasema.

Sahau! Anaambiwa nani, Jael?

Alijaza shimo samadi. Akamwagilia asubuhi, akamwagilia jioni. Jirani yake Kafedha naye, akitoka bombani na ndoo kichwani, alishindwa kulipita kaburi bila kusimama. Pale maji ni ya kubeba, na kumgawia mtu maji yako ni kumheshimu. "Namnywesha marehemu kidogo, maskini, na joto lote hili," alikuwa akisema huku akiinamisha ndoo. Jael alishukuru mpaka machozi yakamtoka.

Miche ikageuka rangi ya kutu. Jael akaongeza maji. Kila akitoka kazini alikuwa anang'oa mmoja, anatazama mizizi, anaurudisha. Wa kwanza ukafa, ukafuata wa pili. Alipouchomoa wa tatu, mizizi mingi ilikuwa myeusi, laini, inanuka kama maji ya vyombo yaliyolala. Hapo akaelewa, na akaogopa kwelikweli. Aliyekuwa akiiua ni yeye mwenyewe, akisaidiwa na ndoo ya Kafedha.

Akaikata mizizi iliyooza, akaitoa samadi yote, akachanganya mchanga na vipande vya mawe ya matumbawe, akainua tuta na kupanda upya. Kisha akaenda kwa Kafedha kwa kusitasita, maana kumkatalia mtu maji yake si mchezo.

"Dada Kafedha, usikasirike. Usiumwagilie tena."

"Kwani nimekosani, mwenzangu?"

"Hujakosa. Tumeupenda kupita kiasi, mimi na wewe."

Miezi iliyofuata ilikuwa mateso matupu. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Alifua mapazia safi. Akipita kaburini alifumbata mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa sufuria. Maji aliyatia pale tu alipochomeka kidole udongoni kikatoka kikavu.

Siku ya kumbukumbu Emmaculate akafika na chupa ya maji aliyoyachota kisimani kwao. Hata begi hakulitua, akaenda moja kwa moja kaburini. Sehemu kubwa ilikuwa mchanga mtupu. Pembeni palikuwa na mmea mmoja, upande mmoja umekauka, upande wa pili vichipukizi vibichi vimeanza kutambaa. Akafungua chupa. Jael akajikuta amemshika mkono.

"Mama, samahani. Usiumwagilie."

"Hata maji ya nyumbani, Jael?"

"Hata hayo. Miwili nimeiua kwa maji, na kwa kuing'oang'oa niitazame."

"Na huu umeponaje?"

"Niliacha kuugusa, mama."

Mama mkwe akatazama mchanga, akatazama vile vichipukizi. Halafu akafunga chupa taratibu, akaketi chini kando ya tuta, akanyoosha miguu.

"Basi na mwanangu tusimguse," akasema. "Keti."

Jael akaketi.