Mahindi ya Chini ya Ghala

Mama alimpenda mdogo wangu kuliko mimi, na sitaki mtu aniambie eti ni mawazo yangu. Miaka ile ya shida, sukari na sabuni zikiwa za foleni, mdogo wangu alikuwa ameolewa Nyakato, mjini Musoma. Mimi nilibaki Suguti na jembe langu. Kila mwezi Mama alikuwa ananiambia, "Mchagulie mwenzio mahindi mazuri, maskini, mjini hakuna unga." Maskini! Mtu ana redio, ana kitanda cha chuma! Mimi na wanangu tulikulaga udaga, Jumatatu mpaka Jumapili.

Udaga ni mihogo. Tunaimenya, tunaivundika mpaka iote ukungu mweusi, tunaukwangua, tunaianika, tunaitwanga. Kwetu ukungu haukuwaga kitu cha kuogopa. Basi nikajiambia, kama mhogo unaota ukungu na tunaula, mahindi yana nini? Nikaacha kumchagulia. Nikawa nachota yale ya chini ya ghala, yaliyolowa mvua, yenye ukijani. Nayapangusa kwa khanga, halafu juu naweka meupe kidogo ili Mama aridhike. Sikutaka kumuua, jamani. Nilitaka tu ugali wake uwe mchungu.

Nilifanya hivyo misimu miwili. Yeye alikuwa anarudisha mfuko umefuliwa, na salamu: "Mwambieni dada ahsante."

Maduka yalipojaa tena, mdogo wangu akaanza kuvimba miguu, kisha uso. Hospitali wakasema ni figo. Nilikuwepo daktari alipomuuliza habari za chakula. Akasema sumu ya ukungu wa nafaka huenda imechangia, ila hawezi kuapa, figo huharibiwa na mambo mengi.

Mdogo wangu akacheka. "Mimi nile ukungu? Miaka yote ile nimelishwa na dada yangu." Akanishika mkono.

Haki ya Mungu nilitaka kusema. Nilishafungua mdomo. Hapo Mama akaingia na bakuli la uji, akakaa kitandani, akaanza kumkanda ile miguu taratibu huku akimwita kwa jina la utotoni. Miguu yangu mimi hajawahi kuigusa. Nikafunga mdomo. Mungu anisamehe, nilimwonea wivu hata ule ugonjwa.