Mkono Uliomgusa Ndongoro

Aliyenipa habari za ndongoro kwa mara ya kwanza ni Shosho, mama yake Mama, nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, tukiishi watatu katika chumba kimoja huko Kangemi. Shosho alizaliwa kando ya msitu, kwenye milima ya Nyandarua. Alikuwa amekaa Nairobi miaka mingi, lakini akizungumza juu ya msitu alishusha sauti kama mtu aliye kanisani. Siku hiyo alikuwa akikatakata sukuma wiki. Aliniambia kwamba huko juu kuna mnyama mwekundu kama udongo uliolowa, mwenye mistari myeupe ubavuni, kana kwamba mtu alimmwagia maziwa mgongoni yakateremka. Wengine humwita bongo.

"Haguswi," Shosho alisema. "Ukimgusa, ukila nyama yake, ama ukikalia ngozi yake, mwili unatetemeka mpaka unaanguka."

"Hata akiwa amekufa?"

"Kwani akikufa anakuwa mbuzi?"

Nilicheka, lakini niliamini.

Mama alikuwa akifanya kazi ya nyumba katika mtaa wa Spring Valley. Likizo ya Agosti ilipofika nilienda naye, nikikaa jikoni kimya, maana nilikuwa mtoto wa kuogopa watu. Siku ya kwanza alinituma sebuleni nimletee ndoo, na hapo nikamwona. Kilikuwa kichwa tu, kimetundikwa juu ya mahali pa kuwashia moto, pembe zimejipinda kwenda juu, masikio mapana. Hakuna aliyeniambia ni nani. Nilimjua. Kiliachwa na watu waliokaa katika nyumba ile zamani. Mama alipangusa kila kitu chumbani humo, hata nyuma ya picha, lakini kwa miaka yake yote minne pale hakuwahi kukigusa kichwa kile. Vumbi lilikuwa limekifunika kama blanketi.

Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Alhamisi moja tu aliinua macho.

"Mama Njoki, hii kichwa ulipangusa lini mara ya mwisho?"

Mama alikunja kitambaa cha vumbi alichokuwa nacho mkononi.

"Wageni wanakuja Jumapili. Kama kazi imekuwa mingi, niambie nitafute mtu mwingine."

Akachukua ufunguo wa gari, akaenda zake.

Mama alivuta kiti akapanda. Akashuka. Akapanda tena. Niliuona mkono wake ukikaribia pua ya yule mnyama, kisha ukarudi. "Wacha kwanza nianike nguo," alisema, akatoka nje. Mama hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati. Nilitazama kitambaa alichokiacha juu ya kiti. Kazi ile ndiyo ilikuwa chakula chetu, na mimi nilikuwa mdogo; nilifikiri kwamba nikianguka mimi, Mama atabaki wa kunilea, lakini akianguka Mama hatabaki mtu wa kutulisha.

Nikapanda.

Manyoya yalikuwa magumu kama brashi ya viatu. Nilianza na shingo, na chini ya vumbi wekundu ukatokea, mwekundu kweli, kama vile Shosho alivyosema. Kati ya macho palikuwa na alama nyeupe, na mashavuni madoa meupe mawili mawili. Sikuwahi kuona kitu kilichopangwa vizuri namna ile. Nilisahau kuogopa. Nilipangusa pembe mpaka ncha zake, ambazo zilikuwa za rangi ya asali. Macho ya kioo sikuyagusa. Yalikuwa yakinitazama.

"Njoki! Shuka!"

Mama aliniosha mikono kwa sabuni ya unga mara tatu, akilia. Tulitembea hadi Kangemi. Kila nilipojikwaa nilidhani kule kutetemeka kumeanza.

Shosho aliishika mikono yangu, akaigeuza, akainusa.

"Ulimgusa wapi?"

"Usoni. Na pembe."

"Macho?"

"Macho niliogopa."

Akaiachia mikono yangu. "Basi tungoje," alisema.

Ijumaa nzima nilingoja. Nilikataa kubeba chai. Nilikataa kukaa karibu na jiko. Jumamosi mchana akaja Anko Ndirangu, kaka yake Mama, ambaye aliishi kule kule kando ya msitu. Yeye na majirani zake walikuwa wameunda kikundi. Waliingia msituni kwa zamu kutoa mitego ya waya na kutafuta nyayo na mavi ya ndongoro, na wanawake walipanda miti pale palipokatwa. Walikuwa wameitwa kwenye mkutano katika ofisi moja mjini, na alipita kwetu kula. Mama akamweleza nililofanya. Nilidhani atacheka.

"Mimi nilimgusa akiwa na joto," Anko akasema. "Nikiwa kijana. Mwalimu alituambia hayo ni maneno ya wazee, basi tukatega. Akanaswa mmoja."

"Na hukuanguka?" niliuliza.

"Sikuanguka. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Wote tukaona hatuanguki."

Shosho aliendelea kumenya viazi. Hakumtazama mwanawe.

Kisha Anko akafungua gazeti alilokuwa amelikunja, akatoa picha. Walikuwa wamefunga kamera kwenye miti, zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, na kwa muda mrefu zilileta nyani na nguruwe tu. Safari hii alikuwepo yeye. Amesimama kwenye mianzi, mzima, mwili wote, mistari yote, na nyuma ya miguu yake ndama mwenye masikio makubwa kuliko uso.

Nilipoishika ile picha mikono yangu ilianza kutetemeka. Kisha mabega. Kisha magoti, mpaka nikakaa chini. Haikuwa ugonjwa. Nilijua tu kwamba yule niliyempangusa vumbi alikuwa bado anatembea mahali fulani, na kwamba hakunijua.

"Si nilikuambia?" Shosho akasema polepole.

Sasa nina binti wa miaka minne. Anko amezeeka na bado anaingia msituni, ingawa ndongoro waliobaki huko ni wachache sana, na kuna miezi kamera hazileti kitu. Mimi sijui kama nilipona au sikuwahi kuugua. Ninachojua ni kwamba uoga wa kina Shosho ulimlinda mnyama yule miaka mingi kabla ya kamera, na kwamba Anko hutoa waya kwa mkono ule ule uliotega. Binti yangu nimemwambia kama nilivyoambiwa, sikupunguza neno.

Kesho yake, baada ya siku ile Anko aliyotuletea picha, ilikuwa Jumapili, na Mama aliitwa mapema kwa sababu ya wageni. Nilimwomba Anko aniazime ile picha, nikaenda na Mama. Mwenye nyumba alikuwa bado amelala. Nilivuta kiti kile kile nikapanda. Mama aliingia, akaniona, na safari hii hakusema shuka. Alikuja akashika kiti kwa mikono miwili kisitikisike, nami nikayapangusa macho, moja baada ya jingine, kisha nikainua picha mbele ya yule mnyama, ili aone.