Kamba ya Makopo, Mloka

Shangazi yangu analima mahindi Mloka, na nyani wa Mloka wanaamini analima kwa niaba yao. Kwa hiyo yeye na jirani yake, Mmatumbi asiyeishiwa utani, walifunga kamba kutoka dungu lake hadi dungu la jirani, vile vibanda vya juu vya kulindia shamba, wakaining'inizia makopo. Anayewaona nyani kwanza anavuta, makopo yanalia pande zote, jirani anatoka na manati.

Mimi nilikuja kumalizia riwaya, nikaona makopo yanaua sentensi zangu. Nikashauri tuyashushe, tufungue kundi kwenye simu.

"Ujumbe mmoja tu, shangazi, hata aliye Dar anaupata."

"Aliye Dar ndiye atakayenilindia mahindi?"

Akakubali hata hivyo, kwa kuwa mtoto wa kaka yake amesoma.

Mchana mmoja nyani wakaingia. Nikaandika: NYANI. Kiduara cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka. Mnara ulikuwa umezimika. Jirani nilimwona kwa macho, amekaa dunguni anamenya muwa, simu pajani, hana habari. Hadi tuwafukuze kwa sufuria na matusi, upande mzima wa shamba ulikuwa mabua matupu, na mahindi hayo ndiyo yalikuwa chakula cha shangazi mpaka msimu ujao.

"Huo ujumbe wako," akaniuliza, "ulikuwa upite wapi?"

"Mnarani. Halafu Dar, labda na ng'ambo, ndipo urudi kwa jirani."

"Uende ng'ambo kumwita mtu ninayemsikia akikohoa."

"Wandengereko mnapenda safari," jirani akasema.

Nikajitetea. Kompyuta za ofisi moja zikiungwa kwa waya, nikasema, huo tayari ni mtandao. Zinapeana kazi hata intaneti ikifa. Intaneti ni mitandao ya namna hiyo, mingi mno, iliyoungwa pamoja dunia nzima.

Shangazi akaitazama kamba iliyolala kwenye majani.

"Kumbe wetu tulikuwa nao. Panda ukaufunge."

Nikafunga, kopo kwa kopo. Kabla jua halijazama nyani wakarudi kumalizia. Nikavuta. Makopo yakalia hadi kwa Mmatumbi, manati ikajibu, na sentensi nzuri niliyokuwa nayo kichwani ikatimua mbio pamoja na nyani.

"Vuta tena," shangazi akasema. "Hiyo haina bando la kuisha."